Kwenda Louvre asubuhi na mapema: maswali ambayo kila mtu anauliza

Nikimwambia mtu nimeshaingia Louvre, ile makumbusho kubwa ya sanaa ya Paris, mara sita maswali yanaanza hapo hapo, na mengi ni yale yale, shida ni kwamba wengi wanauliza wakiwa wameshafika Paris na tiketi ya saa saba mchana iko kwenye simu, hapo nakua sina msaada mkubwa. Kwa hiyo nimeyakusanya yote hapa, soma kabla hujalipa chochote. Mimi sio mwongoza watalii wala sifanyi kazi pale, ni mtu tu ambaye mara ya kwanza niliingia saa sita mchana mwezi wa saba nikatoka sijaona kitu zaidi ya visogo vya watu, na sikubali mtu mwingine yamkute yale.

Kwani kuna tofauti kubwa kati ya kwenda asubuhi na kwenda mchana?

Kubwa sana. Mwaka 2024 waliingia watu kama milioni 8.7, na 2018 walivuka milioni 10. Sasa hivi wameweka kikomo cha watu kama 30,000 kwa siku, lakini elfu thelathini bado ni mji mzima, na wote wanapita chini ya piramidi moja ya kioo na wengi wao wanaelekea chumba kimoja. Ukiingia saa tatu kamili asubuhi unakuta vyumba ambavyo unasikia viatu vyako mwenyewe vinalia sakafuni. Saa tano chumba hicho hicho kina makundi manne ya watalii, kila kundi na kibendera chake, na huwezi kusimama mbele ya kitu dakika mbili bila kusogezwa.

Saa nzima ya kwanza, au tuseme saa moja na nusu, ndio mtaji wako. Kuamka mapema peke yake hakutoshi, maana wote walioamka mapema kama wewe wanakimbilia sehemu moja, ntalieleza hilo chini kwa urefu.

Inafunguliwa saa ngapi na inafungwa lini?

Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Jumatano na Ijumaa inaenda mpaka saa tatu usiku. Jumanne imefungwa, wiki zote, hakuna mjadala, na bado kila Jumanne utakuta watu uwanjani wanapiga picha ya piramidi kwa huzuni kwa sababu hawakuangalia. Inafungwa pia tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Mtu wa mwisho anaingia saa moja kabla ya kufunga, na nusu saa kabla ya kufunga walinzi wanaanza kutoa watu vyumbani.

Na hili nalisema kwa sababu limewakuta watu ninaowafahamu: tiketi ikiandikwa 09:00 hiyo ni saa tatu yetu ya asubuhi. Ukiona 15:00 ni saa tisa alasiri. Usome namba ya kwenye tiketi alafu uibadilishe polepole kichwani, tena ukiwa hujachoka, kuna mtu alisoma 09:00 akawaambia wenzake "saa tisa" wakafika alasiri wakiwa wametulia kabisa.

Siku gani ina nafuu?

Alhamisi asubuhi ndio chaguo langu. Jumatatu watu wanadhani itakua shwari kwa vile wikendi imeisha, kumbe Jumatatu makumbusho ya Orsay, ile kubwa ng'ambo ya mto, imefungwa, kwa hiyo watalii wote wanamwagika Louvre. Jumatano asubuhi nayo inabeba wale waliokosa Jumanne. Wikendi usijaribu kama una siku nyingine. Miezi ya Novemba mpaka Februari, ukiondoa sikukuu za mwisho wa mwaka, ni mitulivu kuliko ile ya kiangazi, baridi ipo ila ndani kuna joto.

Tiketi ni shingapi na nikate wapi?

Tangu 14 Januari 2026 bei ni mbili. Raia na wakazi wa Umoja wa Ulaya, pamoja na Iceland, Norway na Liechtenstein, wanalipa euro 22. Sisi wengine wote tuliobaki, na Wamarekani na Waingereza wamo, ni euro 32. Walio chini ya miaka 18 ni bure popote wanapotoka, na vijana chini ya miaka 26 wanaoishi kwenye nchi hizo za Ulaya nao bure, kwa hiyo kama unasoma huko na una kibali cha ukaazi kibebe.

Kata kwenye tovuti rasmi ya Louvre yenyewe. Unachagua siku, unachagua saa ya kuingia, unalipa kwa kadi, tiketi inakuja kwa imeili. Saa ya 09:00 inaisha mapema kuliko zote, kwa hiyo kata wiki kadhaa kabla, ukishapata tu tarehe zako za safari. Hata wa bure, watoto kwa mfano, inabidi wachukuliwe tiketi yao ya euro sifuri yenye saa. Hili wengi wanalisahau, wanafika na watoto watatu ambao kwenye mfumo hawapo.

Kuna tovuti nyingine imeandika "ruka foleni" na bei imezidi kidogo, vipi hiyo?

Achana nayo. Mimi nlishanunua kwenye tovuti moja ya hivyo, jina naliacha, nikalipa karibu mara mbili, alafu jana yake usiku nikapata ujumbe kwamba saa yangu imehamishwa kutoka asubuhi kwenda saa nane mchana. Hakuna wa kumpigia, hela haikurudi. Na hicho wanachokiita kuruka foleni ni tiketi ile ile yenye saa, ukikata rasmi foleni hiyo unairuka vile vile. Foleni ya ukaguzi wa usalama hairukwi na mtu.

Kama una ile pasi ya makumbusho ya Paris inakubalika, ila bado lazima uingie kwenye tovuti uchukue saa. Pasi bila saa haikupi uhakika wa kuingia.

Nifike pale saa ngapi?

Kama tiketi ni ya 09:00 uwe umesimama kwenye foleni saa mbili na nusu asubuhi. Saa mbili na robo ni bora zaidi wakati wa kiangazi. Utakuta foleni zimegawanywa, wenye tiketi ya saa upande wao na wasio na tiketi upande mwingine, uliza mlinzi kabla hujajipanga maana ukikaa nusu saa kwenye foleni isiyo yako inauma. Mlango ukifunguliwa mnakaguliwa mabegi kwa mashine, mnashuka ngazi, ndio mmeingia ukumbi wa chini.

Tiketi iwe tayari kwenye simu, skrinishoti kabisa, mwanga wa simu umeongezwa. Usitegemee intaneti pale uwanjani. Na chaji.

Milango iko mingapi, niingilie wapi?

Mkubwa ni ule wa piramidi, aliyoichora msanifu majengo I. M. Pei, ilifunguliwa 1989. Mara ya kwanza ingilia pale, yani kushuka ndani ya kile kioo asubuhi jua likiwa linaingia kwa pembeni ni kitu ambacho kama umesafiri mpaka huko usijinyime. Mlango wa pili ni wa chini kwa chini kupitia maduka ya Carrousel, barabara ya Rivoli namba 99. Huu ndio wa siku ya mvua, mnapanga foleni ndani chini ya paa. Upo pia mlango unaitwa Porte des Lions upande wa mtoni, lakini siku nyingine unafunguliwa siku nyingine hapana, usijenge mpango wako juu yake.

Metro gani inafika?

Laini ya 1 au ya 7, shuka Palais Royal – Musée du Louvre. Kituo kile kina njia ya kutokea moja kwa moja kwenye maduka ya Carrousel. Kuna kituo kingine cha laini ya 1 kinaitwa Louvre – Rivoli, jina linavutia ila kinakushusha upande wa nyuma. Mimi siku nikiwahi sana nashuka hapo makusudi, napita ule uwanja wa mraba, Cour Carrée, asubuhi hakuna mtu, unatokea kwenye upenyo alafu piramidi inajitokeza mbele yako yote kwa mara moja. Dakika saba hivi kwa mguu.

Nibebe nini, begi la mgongoni linaruhusiwa?

Begi dogo ndiyo. Linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 haliingii kabisa, hata kwenye makabati yao halipokelewi, kwa hiyo usije na sanduku la safari ukitokea stesheni. Makabati ya mizigo midogo yapo chini ya piramidi, bure. Ingiza koti lako humo wakati wa baridi, utanishukuru baada ya saa moja.

Viatu raba. Maji kwenye chupa yenye kifuniko, lakini kula wala kunywa ndani ya vyumba vya maonyesho hapana. Choo nenda pale pale chini kabla hujapanda, ndani unaweza kutembea vyumba ishirini hujaona alama ya choo.

Nikishaingia naanzia wapi?

Hapa ndipo watu wanapoteza asubuhi yao yote. Ukumbi wa chini ya piramidi una ngazi za umeme pande tatu: Denon, Sully na Richelieu. Kila upande tiketi inakaguliwa, na unaweza kutoka mmoja ukashuka ukaingia mwingine. Jumba lina kama mita za mraba 73,000 za maonyesho na vitu kama 35,000, hakuna binadamu anayemaliza kwa siku moja, usijaribu.

Saa tatu kamili watu tisa kati ya kumi wanakunja kuelekea Denon, kwa Mona Lisa, ile picha maarufu ya Leonardo da Vinci. Unawaona kwa macho, wengine wanakimbia kabisa walinzi wanawapigia kelele. Mimi nakunja Richelieu.

Ngazi za Richelieu zinakupitisha katikati ya nyua mbili za sanamu za marumaru zilizofunikwa kwa kioo juu, Marly na Puget, na mwanga wa asubuhi mle ni mweupe na mpole. Kisha ghorofa 0 nenda ua wa Khorsabad. Kuna mafahali wenye mabawa na vichwa vya watu wenye ndevu, walikua wanalinda jumba la mfalme Sargon wa Pili wa Ashuru, karne ya nane kabla ya Kristo, kila mmoja ana urefu wa zaidi ya mita nne. Simama mbele ya mmoja, utaona miguu miwili imetulia. Sogea ubavuni, utaona minne inatembea. Hesabu sasa yote kwa pamoja kutokea pembeni: mitano. Mchongaji alitaka ukiwa mbele umuone amesimama na ukiwa ubavuni umuone anatembea, basi akaongeza mguu. Mimi nlijua hili kwa kuzunguka peke yangu pale saa tatu na dakika kumi na tano, mchana nisingezunguka popote.

Chumba cha karibu hapo, 227, lipo jiwe jeusi la Hammurabi mwenyewe, yule mfalme wa Babeli, mita 2.25, lina sheria zake zimechongwa kwa mistari midogo kama nyayo za ndege. Asubuhi unasogea mpaka unaona kingo za herufi.

Alafu panda mpaka ghorofa 2 kwa ngazi za umeme hizo hizo, tafuta chumba 837, mwangalie yule mwanamke anayefuma lesi, aliyechorwa na Mholanzi Vermeer. Picha ina sentimita 24 kwa 21 tu, ndogo kuliko daftari la shule la kawaida likiwa wazi. Nyuzi nyekundu na nyeupe zinatoka kwenye mto wake wa kushonea kama kitu kimemwagika, ukisogea karibu sio nyuzi tena, ni matone ya rangi tu, ukirudi nyuma hatua moja zinakua nyuzi. Picha ndogo hivi inataka mtu mmoja mbele yake. Wakiwa watatu tayari hakuna anayeiona.

Hapo saa inaelekea nne na nusu, umeshaona vitu vitatu vizuri, na waliokimbilia Denon wamebanana.

Na Mona Lisa je? Siwezi kwenda Paris nikarudi sijamuona.

Sawa kabisa, na sikatai. Yuko Denon, ghorofa 1, chumba 711, na vibao vyenye kipicha chake viko kila kona mpaka unafika. Kuna njia mbili tu ninazozikubali.

Ya kwanza, kama yeye ndio sababu ya safari yako, basi uwe wa kwanza kweli. Tiketi ya 09:00, mlangoni saa mbili na robo, ukikaguliwa unanyoosha Denon bila kusimama, panda ngazi kubwa za Daru, juu yake kuna sanamu ya Ushindi, mungu wa kike wa Kigiriki mwenye mabawa, kunja kulia, ingia ile korido ndefu ya michoro ya Kiitalia na chumba chake kiko mkono wa kulia. Ukiwa kati ya watu hamsini wa kwanza unapata dakika zako kadhaa mbele ya kizuizi bila kusukumwa. Baada ya nusu saa imeshakua foleni ya kujikunja, unasogezwa, unapiga selfi, mlinzi anakwambia tembea.

Ya pili ni kumwacha mpaka jioni ya Jumatano au Ijumaa, nimeieleza mwisho.

Kitu ambacho nakataza ni kwenda saa nne mpaka saa tisa. Picha yenyewe ni sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo, kwenye ukuta wa bluu iliyokoza, na wewe uko mbali nayo mita kadhaa. Katikati ya umati unaona mwangaza wa simu za watu kuliko uso wake.

Na ukiwa mle ndani, tafadhali, geuka. Ukuta unaotazamana naye una picha kubwa kuliko zote za Louvre, Harusi ya Kana ya Veronese, ya 1563, karibu mita 7 kwa 10, ina watu kama mia na thelathini wanakula, wanamimina divai, wanapiga vinanda, kuna mbwa, kuna paka. Ilikua imetundikwa kwenye ukumbi wa chakula wa watawa kule Venice, jeshi la Napoleon likaibeba 1797. Watu elfu kwa maelfu wanaipa mgongo kila siku. Pia kwenye korido ile ndefu uliyopitia kuna picha nyingine za Leonardo huyo huyo, Bikira wa Miambani na ile ya Mtakatifu Anna, zimetundikwa ukutani kama kawaida, na mara nyingi nimezikuta na watu wawili watatu. Ni mkono ule ule! Nashindwa kuelewa kwa nini watu wanazipita mbio.

Mona Lisa ameanza kuvuta umati hivi baada ya kuibiwa. Tarehe 21 Agosti 1911, siku ambayo makumbusho ilikua imefungwa, Muitaliano mmoja aliyewahi kufanya kazi humo, Vincenzo Peruggia, aliondoka naye, akapatikana Florence Desemba 1913. Katikati hapo watu walipanga foleni kwenda kuangalia ukuta mtupu. Serikali ya Ufaransa ilitangaza Januari 2025 mpango wa kumjengea chumba chake peke yake na mlango mpya upande wa mashariki, ila hiyo ni ya miaka ijayo.

Kama sitaki Richelieu wala Denon mapema?

Sully. Unaingia unatembea kwenye handaki la ngome ya zamani, maana Louvre kabla ya kua jumba la wafalme ilikua ngome ya mfalme Philippe Auguste, ilianza kujengwa karibu 1190, na mawe yake yako pale chini, unaona alama walizochonga waashi. Handaki linakutoa kwa sfinksi mkubwa wa Tanis, sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, kwenye chumba chenye giza kidogo. Asubuhi mkiwa wawili mle, inatisha vizuri. Kutoka hapo una Misri yote, na ghorofa 1 chumba 635 yuko yule mwandishi aliyekaa chini kakunja miguu, macho yake ni ya jiwe la kioo na yanakufuata. Zuhura wa Milo, ile sanamu maarufu ya Kigiriki, yuko Sully pia, ghorofa 0, mfikie kabla ya saa nne.

Kuna picha zenye watu weusi ndani?

Zipo, na naomba uzitafute. Kwenye chumba 700 cha Denon, karibu na kwa Mona Lisa, kuna Chelezo cha Medusa cha Géricault, 1819, karibu mita 5 kwa 7. Meli ya Medusa ilikwama pwani ya Mauritania 1816, watu kama 147 wakawekwa kwenye chelezo, waliokolewa hai 15. Mtu aliye juu kabisa ya wote, anayepeperusha kitambaa kuiita meli ya mbali, ni mweusi, na aliyekaa ili achorwe anaitwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, ndio Haiti ya leo. Mgongo wake ndio kilele cha picha nzima, fuata macho ya wengine wote yanakoelekea utamfikia yeye.

Mwingine ni Madeleine, aliyechorwa na Marie-Guillemine Benoist mwaka 1800. Miaka sita kabla yake Ufaransa ilikua imefuta utumwa kwenye makoloni, na miaka miwili baadae Napoleon akaurudisha. Picha iliitwa kwa rangi ya ngozi yake tu kwa karibu miaka mia mbili, jina lake limerudishwa juzi juzi, 2019. Anakuangalia moja kwa moja. Vyumba vinabadilishwa, kwa hiyo ingia tovuti ya mikusanyo ya Louvre, andika jina la picha, inakuonyesha iko chumba namba ngapi siku hiyo au kama haijatundikwa. Fanya hivyo kwa kila kitu unachokitaka sana.

Naweza kukuta chumba ninachokitaka kimefungwa?

Ndiyo, inatokea sana, vyumba vinafungwa kwa zamu na kwa uhaba wa walinzi. Ratiba ya vyumba vinavyofungwa iko kwenye tovuti, iangalie jana yake usiku.

Na makumbusho yote inaweza kufungwa. Jumapili ya 19 Oktoba 2025, nusu saa tu baada ya kufungua, wezi walipanda kwa lori lenye ngazi mpaka ghorofani, wakaingia ukumbi wa Apollo wakaondoka na vito vya wafalme kwa dakika chache, na waliokua ndani wakatolewa. Jumatatu yake haikufunguliwa. Migomo ya wafanyakazi ipo pia, Juni 2025 waligoma ghafla watu wakiwa foleni. Ndio maana nasema usipange Louvre siku yako ya mwisho mjini. Panga siku ya pili, ikiharibika una pa kusogea.

Wezi wa mifukoni?

Wapo uwanjani, kwenye metro laini ya 1 na hata ndani. Aprili 2013 walinzi wenyewe waligoma kwa sababu ya hao wezi. Simu mkononi au mfuko wa mbele wenye zipu, begi kifuani ukiwa kwa Mona Lisa, na anayekuja na karatasi usaini mpite usisimame.

Nina watoto wadogo, itawezekana?

Saa mbili, basi. Sfinksi, handaki la ngome, mafahali wa miguu mitano, watoto wanapenda kuliko watu wazima. Kigari kinaingia ila ngazi ni nyingi na lifti zimejificha, mtoto akiweza kubebwa mgongoni kwa kitambaa ni rahisi zaidi.

Mama yangu miguu inamsumbua.

Mpeleke, na mpeleke asubuhi. Viti vya magurudumu wanaazima bure. Mwenye ulemavu na mtu mmoja anayemsindikiza wanaingia bure na hawapangi foleni ndefu, beba cheti kinachoonyesha. Kushuka kwenye piramidi kuna lifti ya duara isiyo na paa katikati ya zile ngazi za mzunguko, inapanda na kushuka kama nguzo, nlimpandisha mama mdogo wangu pale alifurahi kuliko alivyofurahia sanamu yoyote. Vyumbani kuna mabenchi, ila yanajaa kuanzia saa tano.

Kupiga picha?

Ruksa kwa matumizi yako, flashi zima, fimbo ya selfi hairuhusiwi. Piga moja alafu weka simu chini uangalie.

Masaa mangapi yanatosha?

Matatu. Ukizidisha macho yanachoka unaanza kupita tu. Na ukitoka umetoka, tiketi hairudishi ndani, kwa hiyo usidanganyike kwenda kula nje urudi. Ukihisi njaa kuna mikahawa ndani.

Nimekosa kabisa tiketi za asubuhi, nifanyeje?

Usichukue ya mchana. Chukua ya jioni, Jumatano au Ijumaa, ingia kama saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Makundi yenye vibendera yanakua yameshaondoka kwenda kula, na familia zenye watoto zimerudi hotelini. Anza na Sully au Richelieu, na ikifika saa moja na nusu usiku vuka Denon. Pale juu ya ngazi za Daru sanamu ya Ushindi inakua na taa tu, haina kichwa haina mikono lakini nguo imemnata tumboni kama amepigwa na upepo wa bahari wenye maji. Kiganja chake cha kulia kilichopatikana 1950 kiko kwenye kisanduku cha kioo pembeni, watu hawakijui. Kaa hapo dakika tano alafu nenda 711. Ijumaa moja saa mbili usiku nlikuta watu kama thelathini mle, nikasogea mpaka kwenye kizuizi, nikasimama mpaka mlinzi alipoanza kusema tunafunga.